Wassily Kandinsky na sauti zenye rangi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Likitajwa jina la Kandinsky, hazipiti dakika mbili kabla mtu hajasema: "Ah, yule aliyekuwa akisikia rangi." Kuna ukweli ndani yake. Tatizo ni kwamba watu wengi wamebaki na picha ya mtu aliyekaa mbele ya kanvasi, muziki ukipigwa, naye akijaza tu kile anachokiona kichwani. Majibu yafuatayo yanajaribu kutenganisha alichojaliwa na alichokitolea jasho.

Kwa kifupi, Kandinsky alikuwa nani?

Mchoraji aliyezaliwa Moscow mwaka 1866, akakulia Odessa, akafanya kazi zake zilizomjengea jina Ujerumani, na akafariki Ufaransa mwezi Desemba 1944. Alizaliwa Mrusi, akachukua uraia wa Ujerumani mwaka 1928, kisha wa Ufaransa mwaka 1939. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa chai. Wazazi walitengana mtoto angali mdogo, na malezi yake kwa sehemu kubwa yakaangukia kwa dada wa mama yake. Tangu utotoni alifundishwa piano na sello, kwa hiyo muziki aliujua kwa vidole vyake mwenyewe kabla hajawa mtu wa brashi.

Sinestesia ni nini? Ni ugonjwa?

Si ugonjwa. Ni hali ambayo mlango mmoja wa fahamu ukiguswa, mwingine nao unaitika bila kuitwa. Kuna wanaosikia muziki wakaona rangi, wanaoona herufi A kuwa nyekundu hata ikiwa imechapishwa kwa wino mweusi, na wachache ambao neno fulani huwaletea ladha mdomoni. Mwenye hali hii haamui, na hawezi kujizuia. Kwa kawaida rangi aliyoiona kwa herufi fulani akiwa mtoto ndiyo atakayoiona uzeeni. Huonekana kufuata koo: ukimpata mmoja, mara nyingi utampata na ndugu yake. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba watu kama 4 katika kila 100 wana aina mojawapo, na wengi wao huishi miaka mingi wakidhani kila mtu yuko hivyo.

Ni kweli Kandinsky alikuwa nayo, au ni hadithi ya kupamba jina?

Hili ndilo swali linalozua ubishi mwingi, na linastahili jibu refu.

Upande wa ndiyo una maneno yake mwenyewe. Katika kumbukumbu alizochapisha mwaka 1913 anasimulia kwamba alipokuwa akichanganya rangi, nyakati nyingine alisikia zikitoa sauti kama ya mchirizo. Anasimulia pia jioni aliyokwenda kusikiliza opera ya Wagner iitwayo "Lohengrin" huko Moscow, akaziona rangi zake zote zikisimama mbele yake, na mistari ya ajabu, karibu ya kichaa, ikijichora yenyewe. Fidla na besi nzito zilimletea saa ya machweo ya Moscow, ile aliyoipenda kuliko saa zote. Mtu mwenye sinestesia ya sauti na rangi akisoma maelezo hayo hapati shida kuyatambua.

Upande wa shaka nao una hoja. Hakuna aliyempima akiwa hai. Kumbukumbu hizo aliziandika akiwa na umri wa miaka 46, akiwa tayari na nadharia ya kutetea. Isitoshe, alikuwa amesoma habari za watu wenye hali hii: katika kitabu chake cha nadharia anamtaja mgonjwa wa daktari mmoja wa Dresden ambaye mchuzi wa aina fulani ulikuwa na ladha ya "buluu" kwake. Na alisoma maandishi ya Watheosofia, wafuasi wa fundisho la siri za kiroho, ambao walikuwa na orodha yao ya rangi na maana zake za kiroho.

Kisha kuna jambo la uthabiti, ambalo ndilo kipimo kikuu cha watafiti wa leo. Ukifuata maelezo ya Kandinsky kwa makini, sello inaitika kwenye buluu iliyokolea, halafu unaikuta tena kwenye nyekundu baridi. Tarumbeta iko kwenye njano, na ipo pia kwenye nyekundu yenye joto. Huyo anasikika zaidi kama mtunzi anayepanga vyombo vya okestra kuliko mtu anayeripoti anachokiona.

Mimi nadhani alikuwa nayo kweli, na kwamba juu yake alijenga jengo kubwa la nadharia lenye matofali ya kukopa. Wanaotumia jengo hilo kama ushahidi wa sinestesia, na wanaolitumia kumwita mwongo, wote wanasoma kitabu kisichokusudiwa kuwa ripoti ya daktari.

Alisema rangi zipi zina sauti zipi?

Maelezo yamo katika kitabu chake kuhusu hali ya kiroho katika sanaa, kilichotoka mwishoni mwa 1911. Njano ni tarumbeta kali, inakufuata na kukuzonga. Buluu hafifu ni filimbi. Ikikolea inakuwa sello, ikizidi inakuwa besi kubwa, na ikifika kina kabisa ni kinanda cha kanisani. Kijani ni fidla inayopigwa kwa sauti ya katikati, tulivu mno kiasi cha kumchosha. Kandinsky hakuionea huruma rangi hiyo. Nyekundu ya moto ni tuba na vishindo vya ngoma. Chungwa ni kengele ya kanisa, au sauti ya mwanamke yenye uzito. Zambarau iko upande wa zumari nene, na ina huzuni ndani yake.

Ninachokipenda zaidi ni alivyozitofautisha nyeupe na nyeusi. Zote mbili ni kimya. Nyeupe ni kimya cha kabla ya jambo kuanza, pale mwanamuziki anaponyamaza akijua sauti inayofuata inakuja. Nyeusi ni kimya cha wimbo uliokwisha na hautarudiwa.

Mbona aliacha kazi ya sheria akiwa mtu mzima?

Alisomea sheria na uchumi Chuo Kikuu cha Moscow na alikuwa akienda vizuri. Mwaka 1896 aliitwa kufundisha chuo kikuu cha Dorpat, mji ambao leo ni Tartu nchini Estonia. Alikuwa na miaka 30, na ameoa. Alikataa nafasi hiyo, akapanda treni kwenda Munich kuanza kuchora.

Mwenyewe alitaja mambo kadhaa yaliyomsukuma. Moja ni ile jioni ya Wagner. Jingine ni maonyesho ya wachoraji wa Kifaransa huko Moscow, ambako alisimama mbele ya mchoro wa Claude Monet asijue kilichochorwa ni nini mpaka aliposoma katalogi: rundo la nyasi kavu. Kwanza aliudhika, akiona mchoraji hana haki ya kuchora kitu kisichotambulika. Halafu akagundua kwamba picha imemganda kichwani na haitoki, ingawa "kitu" chenyewe hakukiona. Tatu, mwaka 1889 alikuwa amesafiri mkoa wa Vologda kwa utafiti wa mila na sheria za wakulima. Aliingia katika nyumba za mbao zilizopakwa rangi na mapambo kila pembe, kuta, makabati na meko, akahisi ameingia ndani ya mchoro na anatembea humo. Kwa maoni yangu safari hiyo haipewi uzito unaostahili. Watu hukimbilia Wagner kwa sababu inalingana na hadithi ya sinestesia.

Munich walimpokeaje?

Si kwa vigelegele. Alianza katika shule binafsi ya Anton Ažbe, Mslovenia aliyefundisha Warusi wengi. Alipoomba kuingia darasa la Franz von Stuck kwenye Chuo cha Sanaa, mara ya kwanza alikataliwa; alikubaliwa mwaka 1900. Stuck aliziona rangi zake kuwa zimepitiliza, akamwagiza afanye kazi kwa nyeusi na nyeupe kwanza ili ajifunze umbo. Mtu anayesikia rangi anaambiwa aziweke kando! Kandinsky alitii. Mwaka 1901 alikuwa tayari ameshiriki kuanzisha kundi lake, Phalanx, lililokuwa na shule.

Upo mchoro mmoja ambapo naweza kuona muziki ukigeuka rangi?

Upo, na ndio ningekuanzishia: "Impression III (Konzert)" wa 1911, ulioko jumba la Lenbachhaus mjini Munich.

Mapema Januari 1911 Kandinsky na marafiki zake, akiwemo Franz Marc, walikwenda kusikiliza muziki wa Arnold Schoenberg, Mwaustria aliyekuwa akiachana na utaratibu wa zamani wa sauti kuzunguka noti moja kuu. Baada ya onyesho Kandinsky alichora michoro ya haraka ya alichokiona ukumbini: kifuniko cha piano kilichoinuliwa, vichwa vya wasikilizaji. Muda si mrefu akaingia kwenye rangi za mafuta.

Tazama kilichobaki. Piano imekuwa pande jeusi upande wa juu. Wasikilizaji wamekuwa mabaka ya rangi yaliyoinama upande mmoja, kana kwamba wanasukumwa. Halafu njano inatokea upande wa kulia na kumwagika karibu nusu ya kanvasi. Haina ukuta, haina sakafu, haikuwemo ukumbini. Hiyo njano ndiyo sauti. Nyeusi ya piano inaizuia isimeze kila kitu.

Baadaye mwezi huohuo alimwandikia Schoenberg barua ingawa walikuwa hawajawahi kukutana, akimwambia kwamba anachokitafuta yeye katika rangi, Schoenberg ameshakifanya katika muziki. Wakawa marafiki. Schoenberg alikuwa pia akichora, na picha zake zilitundikwa kwenye maonyesho ya kwanza ya kundi la Der Blaue Reiter, ambalo Kandinsky na Marc walilianzisha mwishoni mwa mwaka huo.

Kwa hiyo alikuwa anachora tu alichokiona kichwani wakati muziki ukipigwa?

Hapana, na hapo ndipo hadithi ya mitaani inapopotea kabisa. Chukua "Komposisheni VII" ya 1913, kanvasi yenye kimo cha mita 2 na upana wa mita 3. Ukiitazama unaweza kudhani ni mlipuko wa saa moja. Kumbe kabla yake kuna kazi za maandalizi zaidi ya 30, za penseli, wino, rangi za maji na rangi za mafuta, ambamo alijaribu pembe moja, mkunjo mmoja, uhusiano wa baka hili na lile. Ndipo mwishoni mwa Novemba akaiingia kanvasi kubwa na kuimaliza kwa siku nne. Gabriele Münter, mwenzi wake wa miaka hiyo, alikuwa akipiga picha hatua kwa hatua, kwa hiyo tunajua alianzia wapi na alikoishia.

Yeye mwenyewe aliyapanga majina ya kazi zake kufuatana na namna zilivyozaliwa. "Impression" ilitokana na kitu cha nje alichokiona au kukisikia. "Improvisation" ilitoka ndani, kwa ghafla. "Komposisheni" ilipikwa taratibu, kwa majaribio mengi. Maishani mwake alizipa kazi kumi tu jina hilo la mwisho, kuanzia 1910 hadi 1939, na tatu za kwanza zilipotea katika Vita vya Pili vya Dunia. Mtu aliyejitofautishia hivyo hakuwa kinasa sauti.

Je, ndiye aliyevumbua sanaa dhahania?

Alipenda ijulikane hivyo, na mchoro wake mmoja wa rangi za maji una tarehe ya 1910 kwa mkono wake. Wataalamu wengi wanaamini uliwekewa tarehe hiyo baadaye na kwamba ni wa kama 1913. Vyovyote iwavyo, Hilma af Klint wa Sweden alikuwa na michoro isiyo na vitu vinavyotambulika tangu 1906. Swali la nani wa kwanza linawafaa zaidi wauzaji wa michoro.

Gabriele Münter alikuwa nani kwake?

Mwanafunzi wake katika shule ya Phalanx, kisha mwenzi wake kwa zaidi ya miaka kumi, na mchoraji mzuri kwa haki yake. Mwaka 1909 alinunua nyumba katika mji wa Murnau, chini ya milima ya Alps, na humo Kandinsky alipiga hatua yake kubwa kutoka mandhari kwenda dhahania. Vita vya 1914 vilipozuka, Kandinsky kama Mrusi alilazimika kuondoka Ujerumani. Waliagana kwa mara ya mwisho Stockholm mwaka 1916; yeye akarudi Moscow na kuoa mwanamke mwingine. Münter alibaki na kazi nyingi za Kandinsky, akazificha katika ghala la chini la nyumba ya Murnau miaka yote ya utawala wa Wanazi, na mwaka 1957, akitimiza miaka 80, akaukabidhi mji wa Munich mkusanyiko mzima. Bila yeye, kazi nyingi za miaka hiyo huenda zisingekuwepo leo.

Ni kweli alimchora mkewe kabla ya kumwona?

Karibu. Mwaka 1916 Nina Andreevskaya alimpigia simu kumfikishia ujumbe wa mtu. Nina mwenyewe alisimulia kwamba sauti yake ilimgusa Kandinsky kiasi cha kumfanya achore picha ya rangi za maji kwa ajili ya "sauti isiyojulikana". Walioana Februari 1917. Mtoto wao wa pekee alizaliwa mwaka huo na kufariki 1920, na Nina alibaki mlinzi wa kazi za mumewe hadi kifo chake mwaka 1980.

Alifanya nini Urusi baada ya mapinduzi?

Alipoteza mali zake, lakini serikali mpya ilimpa kazi za kupanga makumbusho na mafunzo ya sanaa. Mwaka 1920 alishiriki kuanzisha taasisi ya utafiti wa sanaa mjini Moscow, akaiandalia mpango wa kuchunguza namna rangi na umbo vinavyomgusa mtu. Wenzake vijana, waliotaka sanaa ya viwandani na uhandisi, waliona mambo ya roho ni ya kizamani. Desemba 1921 akaenda Berlin na hakurudi tena.

Na Bauhaus? Nasikia aliwapa watu mtihani wa rangi.

Alianza kufundisha katika Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu mjini Weimar, Ujerumani, mwaka 1922. Mwaka uliofuata aligawa karatasi yenye maumbo matatu: pembetatu, mraba na duara. Aliyeipokea alitakiwa ayajaze kwa njano, nyekundu na buluu, rangi moja kila umbo, na aeleze kwa nini. Wengi walijibu kama Kandinsky alivyotarajia: pembetatu njano, mraba nyekundu, duara buluu.

Tatizo ni moja: waliojibu walikuwa watu wa shule hiyohiyo, ambako mafundisho yake yalikuwa yanajulikana. Watafiti waliorudia swali hilo baadaye kwa watu wa kawaida walipata majibu tofauti. Na hapa naona kosa lake kubwa kama mwananadharia. Watu wenye sinestesia hawakubaliani wao kwa wao. Njano yako si njano ya jirani yako. Kandinsky alitaka kuifanya kanuni ya binadamu wote.

Jukwaani alifaulu zaidi. Mwaka 1928, mjini Dessau, shule ilikokuwa imehamia, aliandaa onyesho la muziki wa Mussorgsky uitwao "Picha kwenye Maonyesho". Badala ya waigizaji, wengi wa waliotembea jukwaani walikuwa maumbo na mianga ya rangi iliyofuata muziki. Na kumbuka, muziki huo ulitungwa kutokana na michoro ya msanii mwingine. Ulianza kama picha, ukawa sauti, yeye akaurudisha kuwa picha.

Wanazi walimfanyia nini?

Bauhaus ilifungwa mwaka 1933, na Desemba mwaka huo yeye na Nina walihamia Neuilly-sur-Seine, kando ya Paris. Mwaka 1937 kazi zake ziliondolewa katika makumbusho ya Ujerumani kwa makumi, na baadhi zikatundikwa Munich katika maonyesho ya "sanaa potofu" yaliyoandaliwa ili watu waje wazicheke. Yeye aliendelea kuchora Neuilly hadi mwaka wa kifo chake. Maumbo yakawa laini, kama viumbe vinavyoonekana chini ya darubini.

Kuna wachoraji wengine wenye hali hii?

Wapo, na baadhi yao wana ushahidi ulio wazi kuliko wa Kandinsky. David Hockney wa Uingereza ameeleza jinsi muziki unavyomletea rangi na maumbo, na ulimsaidia alipobuni mandhari ya jukwaa kwa opera ya Ravel iliyoonyeshwa Metropolitan Opera, New York, mwaka 1981. Cha kushangaza, michoro yake ya kawaida, mabwawa ya kuogelea na mashamba, haina dalili yoyote ya sinestesia. Carol Steen wa Marekani yuko upande wa pili: anachora moja kwa moja rangi anazoziona, zikiwemo zinazomjia anapochomwa sindano za tiba ya Kichina, na mwaka 1995 alishiriki kuanzisha chama cha wenye sinestesia nchini mwake.

Mimi pia naona rangi nikisikia muziki. Nitajuaje kama ni sinestesia?

Andika leo rangi unayoiona kwa kila herufi, au kwa sauti thelathini hivi za vyombo tofauti. Ifiche karatasi. Baada ya miezi kadhaa jipime tena bila kuichungulia. Mwenye sinestesia hurudia karibu yaleyale, mpaka kiwango cha mkolezo, anayekisia huyumba. Hakuna dawa, na haihitajiki. Wala haikuhakikishii uchoraji: wengi wenye hali hii ni wahasibu, madereva na walimu.

Kazi zake ziko wapi?

Kwa miaka ya Munich na Murnau, Lenbachhaus haina mpinzani. "Komposisheni VII" iko jumba la Tretyakov, Moscow. Jumba la Guggenheim, New York, lina zaidi ya kazi 150, kwa kuwa Solomon Guggenheim alianza kuzinunua mwaka 1929 na hakuacha. Urithi wa Nina uko Centre Pompidou, Paris. Makumbusho haya yana picha za kazi zake kwenye tovuti zao, ila ukubwa ndio unaopotea kwenye kioo cha simu: kanvasi ya mita tatu ilikusudiwa ikuzidi pande zote mbili.